Moshi wa Nyumba ya Nankondo

Shangazi Nankondo alikaa Same mjini ujane wake wote, na mwezi uliopita alipofariki tulimpandisha Mamba, kijijini kwake mlimani, kumzika. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwetu sisi Wapare mtu anaweza kuishi mjini mpaka akawa mgeni kwenye shamba lake mwenyewe, lakini akifa anarudishwa mlimani, hata kama ndugu walikuwa hawaelewani. Mimi nilitoka Dodoma ninakofanya kazi, nikafikia kwenye nyumba yake ile ile ya jirani na stendi, na asubuhi, wakati watu wanapanga magari, nikaenda kuchungulia chumba cha uani nilichokaa mwaka mmoja nilipokuwa msichana. Sasa wanakaa vijana wawili wanaotengeneza simu. "Shikamoo mama, karibu," wakaniambia, nikaitikia, nikasimama katikati ya chumba. Msumari wangu wa kutundikia gauni la kanisani ulikuwa bado upo ukutani, nao wameutundikia nyaya za chaji. Nilidhani ningelia. Sikulia. Nilichowaza ni kwamba chumba ni kidogo kuliko nilivyokikumbuka, na kwamba upepo bado unapita kwenye upenyo ule ule chini ya dirisha.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na shangazi alinichukua nimsaidie biashara ya makande. Aliyainjika alfajiri kwenye sufuria kubwa, mahindi yaliyokobolewa na maharage, na saa za chai tunayapeleka stendi, ambako abiria wa mabasi ya Arusha na Dar waliyala wamesimama, na maziwa mgando juu yake kwa anayetaka. Yaliyobaki ndiyo yalikuwa chakula chetu cha jioni, sisi na wapangaji waliochangia mkaa. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba vimezunguka ua, na katikati bomba moja ambalo lilitoa hewa kuliko maji. Maji tuliyanunua kwa watu wa mikokoteni, na yalikuwa na chumvi. Ukinawa uso, ngozi inakaza. Kila kitu kilikuwa na vumbi, hata kilichofunikwa. Mimi nilitoka mlimani, ambako ukifungua mlango asubuhi ukungu unaingia mpaka kitandani, na miezi ya kwanza niliona Same ni mahali pa kusubiria basi, si mahali pa kukaa. Halafu nikaanza kusikiliza mazungumzo ya uani.

Waliopenda kuongea walikuwa wawili. Mzee Kiangi alikuwa mtu wa Usangi, kule Pare ya Kaskazini, aliyefanya ufundi wa magari Dar es Salaam mpaka akazeeka, na aliporudi akaishia hapo Same, kwenye lami, akakataa kupanda kwao. Rehema alikuwa fundi cherehani kutoka Korogwe, ameachana na mumewe, mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Tulikula tumekaa kwenye vigoda, migongo tumeupa upepo ili mchanga usiingie sahanini, na mada ilikuwa moja tu, ikibadilishwa nguo: mji una faida gani, mji una hasara gani.

"Mjini mtu anakujua kwa kazi yako," Mzee Kiangi alipenda kusema, huku akipuliza makande. "Kule kwetu mpaka leo mimi ni yule mtoto aliyemwibia babu yake asali. Nina mvi, nina wajukuu, bado ni mwizi wa asali."

"Na huko Dar majirani zako uliwajua?" Rehema akamuuliza.

"Nilimjua mmoja. Alikuwa na mbwa."

Rehema alicheka, kisha akasema yake. Kabla hajahamia kwetu alipanga upande wa pili wa barabara, akaugua malaria, akalala ndani bila kutoka. Aliyekuja kumgongea alikuwa mteja aliyetaka sketi yake. "Nikampa sketi, akaondoka, hakuuliza macho yangu yana nini. Huo ndio mji. Lakini sirudi kwetu ng'o. Hapa nikifunga mlango, umefungwa. Kule mama mkwe anaingia mpaka kwenye mawazo."

Shangazi alikuwa akiwasikiliza huku anachagua maharage ya kesho. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kubembelezwa. "Mnaongea kama watu wanaochagua khanga," akasema. "Mimi sikuchagua. Mji wangu mimi ni friji la Mama Upendo."

Na hilo lilikuwa kweli tupu. Shangazi alikuwa na sukari, ile ya kuchoma sindano kila siku, na dawa yake ilitakiwa ikae kwenye baridi. Mama Upendo alikuwa na duka la soda ukuta kwa ukuta na nyumba yetu, na nyuma ya chupa za soda, kwenye kopo la siagi, ndiyo ilikaa dawa ya shangazi. Watoto wa mtaa mzima walijua kopo lile haliguswi. Mlimani wakati ule umeme ulikuwa haujafika kijijini kwake, na zahanati ilikuwa na panadol na maneno ya kutia moyo. Kwa hiyo alikaa Same, kwenye mji usio na maji, kwa sababu ulikuwa na friji. Maji aliyaacha Mamba.

Maji hayo lazima niyaeleze, maana bila hayo hadithi haipo. Huko kwetu vijito vya mlimani vinakusanywa kwenye bwawa la udongo linaloitwa ndiva. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, na maji yanashuka kwa mifereji kwenda kwenye shamba la mwenye zamu. Tangawizi inataka maji. Shamba lisilo na zamu ni kichaka tu. Kila mwaka kabla ya masika kunapigwa msaragambo, yaani kazi ya wote, baragumu linalia asubuhi na kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kuzoa tope la ndiva. Lakini walioko mijini walianza kutuma vibarua, wakawa wanapata maji kwa mashamba wasiyoyalima vizuri, huku jirani aliyepo tangawizi yake inakauka. Wazee wakaweka sharti: asubuhi ya msaragambo msimamizi wa maji anasimama kwenye ukingo wa ndiva, mahali ambapo jiko la kila nyumba ya bonde lile linaonekana, anatazama paa kwa paa. Nyumba yenye moshi ina watu, inapewa zamu. Isiyo na moshi inasubiri mwaka mwingine.

Sasa, nyumba ya shangazi haikuwa na watu. Lakini ilikuwa na moshi, maana jirani yake, Mama Sifaeli, kila mwaka asubuhi ile aliingia kwenye lile jiko la nje la udongo akawasha kuni mbichi zinazofuka vizuri. Mtu wa kuzoa tope shangazi alimtoa. Moshi ulionekana. Msimamizi, Mzee Kadeghe, alijua nani kauwasha, na bonde zima lilijua kwamba anajua. Yeye alihesabu moshi, hakuhesabu nani yuko mbele ya mafiga. Ndivyo mjane alivyoweza kuishi mahali pawili, mwili kwenye friji na jina kwenye maji, na kila mtu akalala kwa amani. Tangawizi aliilima kwa kumlipa kaka yake Mama Sifaeli, na kila akipata gunia kutoka mlimani aliligusa kwanza kabla ya kulifungua. Niliwahi kumuuliza kwa nini hauzi tu shamba. Aliniambia kwamba akiuza shamba atakuwa mtu wa Same, na hakuna mtu wa Same. Watu wa Same wote ni wa mahali pengine.

Krismasi ile Eliamani alikuja. Ndiye mtoto wake wa pekee, alikuwa na kazi ya usafirishaji wa mizigo Dar, na alikuwa ameanza kushika pesa. Sijaona mtu aliyempenda mama yake kama Eliamani. Tulipanda wote Mamba kama Wapare wote wanavyopanda Desemba, na siku ya kwanza akamkuta mama yake kwenye lile jiko la udongo, macho mekundu, anakohoa, paa limeinama upande mmoja. Kesho yake akaja na mafundi kutoka Maore, tambarare, wakalibomoa jiko, wakajenga jingine lililoungana na nyumba, plasta safi, vigae vyeupe, mlango wa chuma wenye kitasa. Juu ya pikapu ikapanda zawadi yenyewe: jiko la gesi la sahani mbili, na mtungi wake. Bonde zima likaja kutazama. Eliamani akawasha, moto ukatoka wa bluu, wanawake wakapiga vigelegele, na shangazi yangu asiyependa kubembelezwa akafuta machozi kwa pembe ya khanga.

Mama Sifaeli ndiye aliyeuliza. "Na moshi unatokea wapi, mwanangu?"

"Mama mdogo," Eliamani akamjibu kwa fahari, "hili halina moshi kabisa."

Watu wazima wote waliokuwa pale walisikia. Mzee Kadeghe mwenyewe alikuwa pale, na chai mkononi. Hakuna aliyetoa neno. Kwetu mtoto akimletea mama yake zawadi mbele ya watu, zawadi inasifiwa, basi. Kumwambia Eliamani pale pale kwamba amebomoa kitu ambacho mama yake alikitegemea kungekuwa kumvua nguo. Kila mmoja aliamini kwamba shangazi atalisema baadaye, na shangazi, nilikuja kujua, aliamini kwamba jambo litapata namna, kama lilivyokuwa likipata siku zote. Tuliporudi Same, ufunguo wa jiko ulikuwa ndani ya mkoba wake, kwa kuogopa mtungi usiibiwe.

Mwezi wa pili ukingoni ikaja habari kwamba msaragambo umekaribia. Shangazi miguu ilikuwa imevimba, akanituma mimi na ufunguo. "Lala kwenye nyumba," akaniambia, "na asubuhi uwashe moto mapema, umesikia?" Nililala. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu wa ukoo kulala ndani ya nyumba ile usiku wa kuamkia msaragambo. Kulipokucha nikawasha gesi, nikachemsha maji, nikaweka tangawizi na majani, nikakaa kwenye kigoda kipya nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mama Sifaeli akaingia anahema.

"Niwa, umewasha?"

"Nimewasha, mama. Shikamoo. Karibu chai."

Hakuitikia hata shikamoo. Akauangalia ule moto wa bluu, akaangalia dari, akaketi. Halafu akasimama haraka akatoka uani, akakusanya vijiti na maganda ya mahindi, akawasha kwenye mawe matatu nje. Moshi ukapanda, mwembamba, upepo ukaulaza chini. Baragumu likalia tukiwa bado tunapuliza.

Kwenye ndiva tulizoa tope mpaka magoti yakafa ganzi. Wanaume walichimba, wanawake tulibeba kwa karai, kulikuwa na utani mwingi na baridi nyingi, na baadaye tukala pamoja ukingoni. Ndipo Mzee Kadeghe akasimama kutaja zamu, nyumba kwa nyumba, kichwani mwake, bila kubahatisha. Akafika kwetu. "Nyumba ya marehemu Elisante haikuwa na moshi," akasema, akimtaja mume wa shangazi.

"Niwa amelala humo," Mama Sifaeli akasema. "Amepika na chai. Na moshi wa uani umeuona."

"Binti nimemwona, na ameniamkia vizuri. Moshi wa uani ni wa mtu anayechoma takataka." Hakuwa amekasirika. Alikuwa akizungumza taratibu, uso umemkunjamana kama anayeumwa jino. "Mama Sifaeli, mwaka jana yule wa kule mtoni nilimnyima kwa kukosa moshi, na mwanawe alikuwa amesimama hapo hapo ulipo. Leo nikimpa Nankondo, yule nitamtazama vipi? Nilikuwa nahesabu kitu kinachoonekana. Sasa hakionekani."

Hakuna aliyembishia, na mimi nilikuwa mdogo mno kubisha. Nilichokumbuka kwa muda mrefu baadaye ni kwamba mwaka ambao nyumba ilikuwa na mtu kweli, anayekunywa chai kweli, ndio mwaka ilipohesabiwa kuwa tupu. Mzee Kadeghe akanifuata nilipokuwa nanawa miguu. "Mwambie Nankondo zamu yake simpi mtu," akasema. "Naishikilia. Ila apande mwenyewe. Akae mpaka vuli, apike tumuone. Akifanya hivyo hakuna atakayesema neno."

Nilimkuta shangazi stendi anaosha sahani. Nikamweleza yote. Akauliza tu, "Eliamani anajua?" Nikasema hajui. "Asijue," akasema. "Jiko zuri vile."

Wiki zilizofuata uani hapakuliwa kwa utani. Mzee Kiangi, ambaye nilidhani angemwambia abaki, aligeuka kabisa. "Panda, Nankondo. Mimi nilipoteza kwetu kidogo kidogo, mazishi moja nimekosa, harusi nyingine nimetuma zawadi, mpaka siku nikienda naulizwa nimefikia kwa nani. Ukiniona nausifu mji, nausifu kwa sababu ndio niliobaki nao." Ilikuwa ajabu kumsikia. Rehema akampinga kwa hasira. Akasema maji ya mlimani hayatamchoma sindano, na hao wanaomtaka apande ili watazame moshi wake hawatakuwepo saa anayozidiwa. "Watakuwepo," shangazi akasema. "Hilo ndilo tatizo, Rehema. Watakuwepo wote, lakini hawatakuwa na dawa." Simu za mkononi zilikuwa ndiyo zinaingia, na Eliamani alikuwa akipiga kwa Mama Upendo jioni, akimsihi mama yake ahamie Dar, kuna hospitali, kuna friji la peke yake, kuna chumba. Shangazi alirudi kutoka kwenye simu akasema, "Ananiambia Dar nitapumzika. Nitapumzika na nani?" Kisha akaagiza mitungi miwili ya udongo, na mchanga.

Tulipanda mwanzoni mwa masika, barabara haijaharibika bado. Dawa tuliiweka ndani ya mtungi mdogo, mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowa, na mlimani kwa baridi ile ilikaa vizuri. Jiko la gesi akalifunika kwa kitambaa. Akapanga mafiga matatu juu ya sakafu mpya, akafungua dirisha na mlango wa chuma, akawasha kuni, na moshi ukatoka unavyotaka, na vile vigae vyeupe vya Eliamani vikaanza kuwa kama rangi ya chai, kisha vyeusi. Majirani waliingia bila kubisha hodi ya maana. Huyu na magimbi, huyu na mtoto mwenye kikohozi, huyu hana kitu, amekuja kukaa tu. Shangazi aliongea Chasu, Kipare chetu, mchana kutwa na alicheka kwa sauti ambayo Same sikuwahi kuisikia. Nilimwangalia nikawaza kwamba huyu ndiye mtu mwenyewe, na yule wa stendi alikuwa kama ndugu yake aliyetumwa kazi. Nilifurahi kwa ajili yake, na niliogopa, vyote pamoja.

Mjini alikula kwa saa, kwa sababu makande yalikuwa mbele yake na abiria wanataka huduma. Mlimani alikula shughuli ikiisha, na shughuli haikuisha. Asubuhi moja alichoma sindano, akaona mvua imekatika, akachukua jembe akaenda kwanza kupiga matuta ya tangawizi kabla hajagusa chakula. Nilimkuta ameanguka kati ya matuta, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Nikapiga yowe. Sijui waliibuka wapi, lakini kabla sijamaliza kumnyanyua kichwa watu walikuwa wamejaa. Mama Sifaeli akamlambisha sukari kidoleni. Wanaume wakafunga blanketi kwenye miti miwili, na wakambeba kwa machela kuteremka mlima wote hadi Maore, maana barabara ilikuwa imekatwa na mvua, wakipokezana bila kuambiana, kwenye utelezi. Mzee Kadeghe, pamoja na umri wake, alishika mti wa mbele upande wa kulia na alikataa kupokewa mpaka tulipofika kwenye daraja. Hakuna niliyemsikia akilalamika. Kule chini tukapata gari la kwenda Same, na hospitali wakafanya waliyofanya, akafumbua macho.

Rehema alikuja na uji. Mzee Kiangi alikuja akasimama mlangoni na kofia mkononi, hakusema kitu chochote kuhusu miji. Shangazi alikuwa mtulivu. Alimwita Mama Sifaeli, ambaye alikuwa ameteremka nasi na hajabadilisha hata khanga yenye tope. "Wifi," akamwambia, "wamenibeba vizuri. Lakini siwezi kuwafanya wanibebe kila masika." Akapumzika. "Zamu yangu ichukue wewe. Mwambie Kadeghe nimesema mwenyewe, nikiwa na akili zangu."

"Nankondo, vuli si mbali," Mama Sifaeli akasema. "Mimi nitawasha. Nitabomoa dirisha niwashe."

"Umewasha inatosha."

Mama Sifaeli alilia pale pale wodini, bila kujificha. Shangazi hakulia. Alinitazama akasema nisisahau kuloweka mahindi, maana kesho ni siku ya mabasi mengi, na jioni ile nilienda nikayaloweka. Matokeo yangu yalitoka baada ya hapo, nikaondoka kwenda chuo, nikaolewa mbali. Shangazi aliishi Same miaka mingi, mingi kuliko madaktari walivyotazamia. Friji la Mama Upendo lilikuja kubadilishwa mara kadhaa, kopo likabaki lile lile. Alikuwa na afya ya kutosha na maisha ya kutosha, na sikumsikia tena akicheka vile. Watu wakiniuliza mimi kama nausifu mji au naulaumu, na huko Dodoma wanapenda sana kuuliza, huwa nawajibu kwamba mji ulimpa shangazi yangu miaka. Wakiuliza zaidi ndipo nasema ulichukua nini.

Sasa turudi kwenye mazishi. Tulifika Mamba mchana, barabara siku hizi inapitika na bodaboda zimejaa, na nguzo za umeme zimepita mpaka nyuma ya nyumba ya shangazi. Nilizitazama nguzo zile nikashikwa na hasira ambayo sikujua nimfanyie nani. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya la mumewe, na mafundi walikuwa na saruji, mchanga na kokoto, lakini maji hawakuwa nayo, na mto uko mbali. Msimamizi wa maji sasa ni kijana mmoja mwembamba, mjukuu wa Mzee Kadeghe. Alikuwa anakuna kichwa kwamba siku hiyo zamu si ya upande huu. Mama Sifaeli alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wazee, haoni vizuri tena, lakini masikio yake ni mazima.

"Zamu ya leo ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, bibi."

"Si yangu. Mimi niliishikilia tu." Akanyoosha mkono kuelekea kaburini. "Mfungulie Nankondo."

Kijana akapanda kwenye ndiva akafungua. Tulisubiri. Kwanza ukaja mchakacho wa majani makavu kwenye mfereji ambao miaka yote hiyo ulikuwa umejaa magugu, kisha maji yenyewe, ya rangi ya udongo, yakasukuma magugu, yakafika. Mafundi wakachota kwa ndoo wakakoroga saruji. Kaburi likakamilika, mchungaji akasali, watu wakaimba kwa Chasu, wakaanza kutawanyika kwenye chakula. Maji yalikuwa bado yanakuja.

Eliamani, ambaye sasa ni mzee mwenye tumbo na fimbo, alikuwa amesimama anayatazama. Mpaka leo hajui. Mama yake alisema asijue, na hakuna mtu wa bonde lile aliyemwambia; alichoambiwa ni kwamba mama alichoka kulima. Akaona maji yanamwagika ovyo pembeni ya kaburi, akaazima jembe kwa mmoja wa wachimbaji, akavua koti la suti akanipa nilishike. Akakata mfereji kidogo, akayaelekeza shambani kwa mama yake, akawa anayafungulia tuta moja baada ya jingine, kwa uangalifu, kama tulivyofundishwa wote tukiwa watoto. Shambani hapakuwa na kitu kilichopandwa. Alimwagilia matuta yote, mpaka yule kijana aliposhuka kutoka juu na kusema anafunga.